Televisheni bapa Mji wa Kale: kioo kilifika kabla ya picha

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki mbili tatu, kazi zilinibana. Leo sitaandika juu ya programu, au tuseme nitaandika kidogo tu mwishoni. Nataka kusimulia historia ya kitu ambacho kiko karibu kila nyumba na hakuna anayekihangaikia: televisheni pana, ile bapa. Na sitaanzia Tokyo wala California. Naanzia Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa, sebuleni kwa nyanya yangu.

Mwaka 2008 nilikuwa na miaka 11. Mjomba wangu, aliyekuwa akifanya kazi Dubai, alituma mzigo kwa meli, na ndani yake, katikati ya mablanketi na mikebe ya maziwa ya unga, kulikuwa na LCD ya inchi 32. Vijana wawili waliipandisha ngazi huku wakipiga soga. Ile kuukuu ya inchi 29, ya mgongo (ndugu zetu wa Tanzania huziita za chogo), ilikuwa imehitaji wanaume wanne na maneno yasiyoandikika, maana ilikuwa na zaidi ya kilo 40 na ngazi za nyumba zetu ni nyembamba na zimesimama kama mlingoti.

Sasa, kabla sijafika kwenye picha yenyewe, hebu tuzungumze juu ya chumba. Nyumba za mawe za Mji wa Kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zikabebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haiwi ndefu unavyotaka wewe. Ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu lakini vyembamba: mita mbili u nusu, tatu ukibahatika. Mti ndio uliopima chumba! Hata kule Ghuba, ambako boriti hizi zilipelekwa kwa majahazi kwa karne nyingi, nyumba za zamani zina vyumba vya upana huo huo. Basi chukua chumba cha mita mbili u nusu, weka ndani yake televisheni yenye mgongo wa nusu mita, juu ya kabati, na uache nafasi ya waya nyuma. Umekula robo ya chumba. Watu husifu televisheni bapa kwa ukubwa wa kioo chake. Kwetu sifa ya kwanza ilikuwa kwamba miguu ya watu ilipata pa kunyooka.

Lakini chumba hicho hicho kilikuwa na kisasi chake. Televisheni ilikaa ukuta mrefu, na watu wakajipanga ukuta wa pili, wengine mbali kabisa pembeni. Televisheni ya mgongo haijali umekaa wapi, kwa sababu mwanga hutoka kwenye kioo chenyewe, unatapakaa kila upande. LCD ni jambo jingine. Nyuma kuna taa, mbele kuna fuwele za kimiminika zinazofunga na kufungua kama vipande vya shata ya dirisha, na ukizitazama kwa ubavu unaona kile ambacho hukukusudiwa kukiona. Hitachi na Fujitsu walihangaika na tatizo hili miaka ya 1990 na wakaleta aina mpya za vioo zilizolipunguza sana. Hawakulimaliza. Aliyekaa katikati aliona rangi kamili, na aliyekaa mwisho wa mkeka aliona picha iliyopauka kama kanga iliyofuliwa mara mia. Nafasi ya katikati ikawa na wenyewe, kwa umri. Mimi nilikuwa wa pauka.

Kuhusu kuitundika ukutani, nitasema machache. Fundi alikuja na drili, ukuta ukatoa vumbi jeupe la chokaa, skrubu zikaingia kama kwenye halua, na usiku ule ule chuma kikaanza kuinama. Televisheni ikarudi juu ya kabati na shimo likafunikwa na kalenda. Ukuta wa matumbawe una miaka yake, hauzoei mambo kwa siku moja.

Jambo lililonishangaza baadaye, nilipokwisha kusoma haya mambo chuoni, ni jinsi televisheni ya Dubai ilivyowaka Mombasa bila taabu yoyote. Plagi ileile ya pini tatu bapa, tuliyoachiwa sote na Mwingereza. Umeme ule ule wa mizunguko 50. Na mawimbi yale yale: Kenya ilitumia PAL ya mfumo wa B/G, Imarati vilevile. Kwa nini hili ni muhimu? Kwa sababu Uingereza nayo ilitumia PAL, lakini ya mfumo wa I, ambamo sauti husafiri megahezi 6 kutoka kwenye picha badala ya 5.5. Televisheni iliyotengenezewa Uingereza peke yake, ukiileta Mombasa ilikupa picha safi na midomo inayotembea bila sauti. Zanzibar, ambayo ilianzisha televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ya kwanza kusini mwa Sahara, ilichukua huo mfumo wa I. Tanganyika yenyewe ilikaa bila televisheni mpaka 1994. Kwa hiyo mtu wa Mombasa aliyetaka televisheni alikuwa karibu zaidi na Dubai kuliko na London, na hata karibu zaidi kuliko na Unguja, kwa hesabu ya megahezi!

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, kutoka nyumba ya shamba kule Limuru, mawimbi yakifika maili 15 tu. Mwaka 1964 shirika la utangazaji likawa Sauti ya Kenya, na 1970 kikafunguliwa kituo cha televisheni hapa Mombasa. Mwaka 1989 jina likarudi kuwa KBC, na 1990 ikaja KTN. Miaka yote hiyo jambo moja halikubadilika: umbo. Kila picha ilikuwa na upana wa 4 kwa kimo cha 3, karibu mraba, umbo lililorithiwa kutoka sinema za kwanza kabisa za karne ya 19.

Sinema zenyewe, hata hivyo, zilikuwa zimekwisha kulihama umbo hilo. Televisheni ilipoanza kuwaibia watazamaji Marekani, watengenezaji wa filamu walijibu kwa kupanua kioo, na mwaka 1953 ikaja CinemaScope. Bombay ikafuata na filamu yake ya kwanza ya aina hiyo, Kaagaz Ke Phool, mwaka 1959. Sholay ya 1975 ilioneshwa kwa 70mm, upana 2.2 kwa kimo 1. Babu yangu alikuwa mtu wa sinema, wa Regal na Naaz na Majestic, na alikuwa akisema kwamba kuangalia filamu ya Kihindi kwenye video ni kuchungulia kupitia tundu la ufunguo. Nilidhani ni maneno ya wazee. Nimepiga hesabu: ukijaza kioo cha 4:3 kwa picha ya 2.2:1, unakata asilimia 39 ya picha. Alikuwa amepimia kwa macho tu, na hakukosea! Kizazi chetu cha Mji wa Kale, cha kanda za VHS na sinema zilizofungwa moja baada ya nyingine, tuliziona filamu zile bila mbavu zake.

Basi 16:9 ilitoka wapi? Hapa kuna kisa kitamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mhandisi wa Marekani, Kerns Powers, alikata vipande vya karatasi vya mstatili, kila kimoja kwa umbo moja lililokuwa likitumika wakati ule, kuanzia 4:3 ya televisheni mpaka 2.35 ya sinema, vyote vikiwa na eneo sawa. Akavipanga juu ya kituo kimoja. Akaona kwamba mstatili wa nje unaovifunika vyote, na ule wa ndani ambao vyote wanashirikiana, vina umbo moja: takriban 1.77 kwa 1. Yaani 16:9. Jaribu mwenyewe kwenye kikokotoo: zidisha 1.333 kwa 2.35, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, utapata 1.77. Hakuna filamu iliyokuwa na umbo hilo. Ni suluhu, kama zile za wazee wa mtaa: kila mmoja anapoteza kidogo, hakuna anayepoteza sana.

Kioo bapa nacho kilikuwa na safari yake mbali na umbo hilo. Plazma ilibuniwa mwaka 1964 Chuo Kikuu cha Illinois na Donald Bitzer, Gene Slottow na Robert Willson, wala hawakuwa wakifikiria filamu. Walitaka kioo cha kompyuta ya kufundishia wanafunzi, PLATO. Ilipofika 1997 ndipo zilipoanza kuuzwa plazma za inchi 42 kwa bei ya gari. LCD ikazikimbiza. Mwisho wa 2007, kwa mara ya kwanza, televisheni za LCD zilizosafirishwa duniani zilizidi za mgongo. Panasonic ikaachana na plazma 2013, Samsung na LG wakafuata 2014. Ya kwetu iliwasili katikati ya vita hivyo, ikiwa na kibandiko cha HD Ready na pikseli 1366 kwa 768. (Namba ya ajabu hiyo, haigawanyiki kwa 8! Data inayotumwa na kioo kuiambia kompyuta ukubwa wake iliandikwa kwa hatua za 8, ndiyo maana wengine mkiunganisha tarakilishi na televisheni hizi mlikuwa mkipata 1360 au 1368 na mstari mweusi usioelezeka pembeni. Sasa mmejua.)

Haya. Kioo kimefika, kipana, bapa, kinameta. Picha iko wapi?

Haikuwepo. Hili ndilo ninalotaka kulisema leo. Kwa miaka kadhaa, katika nyumba nyingi za Mji wa Kale, palikuwa na vioo vya 16:9 na hapakuwa na cha kuviweka ndani yake. Vituo vya Kenya vilikuwa bado analogi, 4:3. Kombe la Dunia la 2006 lilirekodiwa lote kwa picha pana, ya HD, sisi tukaliona kwenye umbo la VOK. Na mwenye televisheni mpya alikuwa na njia mbili tu: aiache picha na umbo lake, akae na mapande meusi kushoto na kulia, au aivute ijae.

Mjomba alipokuja likizo alikuta mapande meusi akakasirika. "Nimenunua kioo kizima, mbona mwaangalia robo tatu?" Na kwa hesabu alikuwa sahihi, 4:3 ndani ya 16:9 ni robo tatu barabara. Tena kuna siri nyingine ambayo hakuna muuzaji aliyeisema: kioo cha inchi 32 kipana kina kimo cha sentimita 40 hivi, na ile ya mgongo ya inchi 29 nayo ilikuwa na kimo hicho hicho. Ukiangalia habari bila kuvuta, umenunua televisheni mpya upate picha ile ile. Nani angekubali? Akachukua rimoti, akavuta. Na mji mzima ulikuwa umevuta. Nenda mkahawani, nenda kinyozi, wasomaji wa habari wote wamenenepa ghafla, magari yamekuwa marefu, na mpira umekuwa embe. Baada ya wiki moja macho yanazoea. Mimi nilizoea. Ukinionyesha picha sahihi nilikuwa nikiona watu wamekonda!

Nyanya hakuzoea.

Nyanya hakuwa akiangalia mpira wala habari. Alikuwa na dishi lake juu ya dari na chaneli yake moja, matangazo ya moja kwa moja kutoka Makka. Siku mbili tatu baada ya mjomba kuvuta picha, aliniita. Akasema, "Alkaaba si pana hivi." Nikamwambia ni televisheni mpya, ni kubwa, ndiyo maana. Akasema, "Mimi nimeizunguka kwa maguu yangu haya. Hiyo tivi yenu yasema urongo."

Alikuwa amehiji. Alkaaba ina kimo cha takriban mita 13, na upande wake mrefu hauzidi mita 13 pia, kwa hiyo ukisimama mbele yake ni kama mraba. Ukiivuta picha kutoka 4:3 hadi 16:9 unaongeza upana kwa theluthi nzima. Mita 13 zinakuwa zaidi ya 17. Kwa mtu aliyesimama pale, akalia pale, hiyo si Alkaaba, ni ghala la bandarini. Nilikuwa mtoto, sikujua hesabu hii, lakini nilijua mkono wake ulikuwa unatetemeka wakati akinyoosha kidole kwenye kioo. Nikakaa na rimoti alasiri nzima, menyu kwa menyu, kwa Kiingereza changu cha darasa la tano, mpaka nikapata mahali pa kubadilisha umbo. Alkaaba ikarudi. Akaniombea dua ambayo mpaka leo naihesabu kuwa cheti changu cha kwanza cha kompyuta, na ile ya chuo kikuu ni ya pili.

Kosa lilikuwa la nani? Nilikuja kulijua miaka mingi baadaye, na wapenzi wa ufundi nisikilizeni hapa. Picha ya dijitali ya kawaida, ile ya setilaiti ya miaka hiyo, ilikuwa pikseli 720 kwa 576, iwe 4:3 au 16:9. Pikseli ni zile zile! Kinachozitofautisha ni namba ndogo ya biti 4 iliyoandikwa mwanzoni mwa mfululizo wa MPEG-2. Ikiwa 2, onyesha 4:3. Ikiwa 3, onyesha 16:9. Chaneli ilituma namba sahihi. Kipokezi cha dishi kiliisoma. Lakini kati ya kipokezi na televisheni kulikuwa na waya wa manjano, ule wa analogi, na waya huo hubeba picha bila kubeba namba, isipokuwa mtengenezaji aichomeke kwenye mstari wa 23 wa picha, jambo ambalo vipokezi vya bei rahisi havikulifanya. Namba ikafia njiani. Televisheni, haina habari, ikafanya alichoambiwa na mjomba.

Picha pana yenyewe ilitujia kwa mlango wa dijitali, na mlango huo ulifunguliwa kwa kishindo. Nchi zilikubaliana Geneva mwaka 2006 kwamba analogi izimwe kufikia tarehe 17 Juni 2015. Kenya ilizindua matangazo ya dijitali Desemba 2009 kwa mfumo wa DVB-T, kisha ikahamia DVB-T2, ambao hubeba chaneli nyingi zaidi kwenye wimbi lile lile lakini hausomwi na vipokezi vya ule wa kwanza. Walioharakisha kununua wakaambiwa wanunue tena. Nairobi ilizimwa mwisho wa Desemba 2014, na zamu yetu Mombasa ikafika tarehe 2 Februari 2015. Kisha katikati ya mwezi ule, baada ya mvutano wa mahakamani juu ya nani atarusha mawimbi na ving'amuzi vya nani, Citizen, NTV na KTN zikatoweka hewani nchi nzima mpaka mapema Machi. LCD yetu ya Dubai haikuwa na uwezo wa dijitali hata kidogo. Tukanunua king'amuzi, sanduku juu ya sanduku, na waya wa manjano tena! Nyanya peke yake hakutikisika. Dishi lake halikuwa na kesi mahakamani.

Alifariki 2019, Mungu amrehemu. Televisheni ikazimika mwaka mmoja baadaye, taa za nyuma.

Nimeyakumbuka yote haya kwa sababu ya shangazi yangu. Wiki iliyopita alinijia na diski ndogo ya USB. Ndani yake mlikuwa na video ya kupamba kwake, ya mwaka 1993, kanda ya VHS aliyokuwa amempelekea mtu mmoja mjini aigeuze kuwa faili. Alisema imeharibika, watu wote wamekuwa wanene na nyanya hajulikani kama ni yeye. Na akanionya: hiyo ni shughuli ya wanawake, wamevua buibui, kwa hiyo nitengeneze bila kuangalia. Mnaweza kufikiri kwamba huyo ni mteja mgumu kuliko wote niliowahi kupata, atakaye picha itengenezwe na mtu aliyefumba macho.

Lakini sikuhitaji kuangalia. Niliiuliza faili yenyewe, ikasema 720 kwa 576, umbo 16:9. Mwaka 1993, VHS, Mombasa, hakuna kamera ya harusi iliyorekodi 16:9. Aliyegeuza kanda alikuwa ameandika namba isiyo yake. Pikseli zote zilikuwa salama. Nikaandika mstari huu:

ffmpeg -i harusi.mp4 -c copy -aspect 4:3 harusi2.mp4

Hapo hakuna picha inayoguswa, ile namba tu ndiyo inayoandikwa upya. Ilichukua sekunde chache kumaliza saa mbili za harusi. Nikachomeka diski kwenye televisheni yao mpya ya inchi 43, nikampa shangazi rimoti, nikatoka nikakaa barazani na kahawa. Mlango ukafungwa. Nikasikia vugo likianza, kisha kelele, kisha shangazi akisema kwa sauti ya juu, "Huyo! Huyo hapo, aliyeshika ubani!" Kisha wakanyamaza wote, na vugo likaendelea peke yake.